Vitengo viwili, ukumbi mmoja: uchambuzi wa kisa cha michezo ya kufahamiana

Kisa hiki kinahusu warsha ya siku mbili iliyoandaliwa baada ya taasisi moja kuunganisha vitengo vyake viwili. Nilikuwepo kama mwezeshaji msaidizi, na kazi yangu kubwa ilikuwa kuandika yanayotokea. Mwezeshaji mkuu ameridhia kisa kiandikwe ili wengine wanaoendesha warsha wakitumie. Jina la taasisi, mahali, vyeo halisi na chochote kinachoweza kumtambulisha mtu vimeondolewa au kubadilishwa.

Usuli

Vitengo hivyo, tuviite cha Kwanza na cha Pili, vilikuwa vimekaa miaka mingi kwenye majengo tofauti. Kazi ilitoka cha Kwanza ikaenda cha Pili kwa karatasi na barua pepe, na watu walijuana kwa majina yaliyoandikwa chini ya barua. Sura walikuwa hawazijui. Uongozi ulipotangaza muungano, mkuu wa cha Kwanza akapewa kukaimu kitengo kipya, mwenzake wa cha Pili akahamishiwa kwingine. Nafasi za usimamizi zilizo chini ya kaimu mkuu zilikuwa bado wazi, na kila aliyeingia ukumbini alilijua hilo.

Siku ya kwanza asubuhi walifika watu 28: 16 wa cha Kwanza na 12 wa cha Pili. Wengine wawili wa cha Pili walikuwa kwenye orodha lakini walibanwa na kazi, nitawarudia. Watu 28 ukiwapanga wawiliwawili kwa kila namna inayowezekana unapata jozi 378, na kati ya hizo 192 ni za mtu wa cha Kwanza na mtu wa cha Pili. Kwa hiyo zaidi ya nusu ya mahusiano ambayo kitengo kipya kingeyahitaji hayakuwepo kabisa, na yaliyobaki yalikuwepo tayari, tena ya miaka.

Wawezeshaji wengi hawaupi mchanganyiko huo uzito unaostahili. Kundi la wageni watupu lina wepesi wake: hakuna mwenye pa kujificha, kila mmoja anatafuta wa kuongea naye, na hata mchezo dhaifu unaweza kulisogeza. Kundi lililoundwa na makundi mawili ni gumu zaidi, kwa sababu kila mtu ana wenzake wa kukimbilia mara tu mchezo unapomtia aibu.

Ombi la uongozi lilikuwa fupi: watu wafahamiane, wachangamke, kisha kazi ianze. Ratiba ilitenga dakika 20 za kujitambulisha na nusu saa ya michezo. Muda uliobaki ulikuwa wa mada.

Mwezeshaji mkuu alifanya jambo moja la busara kabla ya kitu chochote. Mlangoni kila mshiriki alipewa kadi ndogo isiyo na jina, aandike ni watu wangapi wa kitengo kisicho chake anaoweza kuwapigia simu moja kwa moja kuhusu kazi, bila kupitia kwa bosi. Kadi zikakusanywa zikawekwa. Wengi waliandika mmoja au sifuri.

Asubuhi ya siku ya kwanza

Tulianza na mzunguko wa kawaida. Viti vilipangwa duara, kila mtu asimame ataje jina, kazi yake, na jambo moja ambalo watu hawalijui kumhusu. Kaimu mkuu ndiye aliyepewa heshima ya kufungua. Alisimulia jinsi alivyowahi kuvuka ziwa kwa kuogelea akiwa kijana. Simulizi lilikuwa tamu, akalisimulia vizuri, na watu wakapiga makofi. Aliyefuata akajitahidi kuleta kisa cha kulingana na hicho. Wa tatu naye hivyo hivyo. Mtu wa saba aliposimama akasema, "Mimi jamani sina la kushangaza, mimi ni wa kawaida tu," ukumbi ukacheka, na kuanzia hapo karibu kila aliyesimama akajificha nyuma ya sentensi hiyohiyo.

Muda nao ukaenda. Dakika 20 kwa watu 28 ni kama sekunde 43 kwa kila mmoja, na hakuna binadamu anayesimama, akataja jina na kazi, akasimulia jambo, akakaa ndani ya sekunde 43. Kila mtu akichukua dakika mbili tu, mzunguko mzima ni dakika 56. Sisi tulipita saa moja.

Mzunguko ulipokwisha mwezeshaji alifanya jaribio la haraka. Akamwomba mhasibu mmoja, mama mtu mzima na makini sana, arudie alichosema jirani aliyesimama kabla yake. Mama akamtazama jirani yake, akatabasamu, akasoma jina kwenye kadi iliyokuwa kifuani mwa mwenzake. La zaidi hakuwa nalo. "Samahani dada, nilikuwa napanga ya kwangu," akasema, na wengi wakatikisa vichwa kukubaliana naye.

Ukafuata mchezo wa kweli mbili na uongo mmoja: unataja mambo matatu kukuhusu, wenzako wanabahatisha lipi ni la uongo. Kwa dakika chache ukumbi ulichangamka kwelikweli. Kisha ikafika zamu ya kijana mmoja wa cha Pili, mwajiriwa mpya kabisa. Akasema amesoma shule tano tofauti, hajawahi kupanda ndege, na wazazi wake wote wawili ni marehemu. Sauti kadhaa zikapaza kwa furaha: "La tatu! La tatu ni uongo!" Kijana akatabasamu, akasema hapana, uongo ni hilo la ndege. Ukumbi ukanyamaza. Mtu akasema "pole sana kaka", mwezeshaji akamshukuru kwa kushiriki na kupitisha zamu. Mpaka mapumziko yanafika kijana hakutamka neno lingine.

Tulipotoka kwenda mapumziko nilisimama pembeni nikiangalia watu wanasimama na nani. Vikundi vilijikusanya kama vilivyokuwa jana yake: cha Kwanza upande wa dirisha, cha Pili karibu na mlango. Katikati alikuwepo mwezeshaji peke yake.

Uamuzi uliofanywa mapumzikoni

Baada ya mapumziko ratiba ilikuwa na fundo la mikono, ule mchezo ambao watu wanasimama duara, wanashikana mikono kwa kupishanisha, kisha wanahangaika kujifungua bila kuachiana. Watu wawili walikuwa wamekwisha kumfuata mwezeshaji faraghani. Mmoja alikuwa na bega bovu. Wa pili hakutaka kushikwa mikono na watu asiowafahamu, na hakudaiwa sababu. Mwezeshaji aliufuta mchezo mara moja. Waliomfuata walikuwa wawili, na kwa uzoefu wangu nyuma ya kila anayethubutu kusema wapo wengine waliokaa kimya na kujiandaa kuvumilia.

Kisha tukakaa na karatasi. Swali tulilojiuliza lilikuwa moja: ni kitu gani mtu wa cha Kwanza anakihitaji kutoka kwa mtu wa cha Pili, kiasi cha kuwa na sababu ya kumsogelea hata bila mchezo? Jibu lilikuwa kazi yenyewe. Watu hawa walikuwa wakitumiana makaratasi kwa miaka. Hiyo ndiyo mada ambayo kila mmoja alikuwa na la kusema, awe dereva au mchambuzi, na haikuhitaji mtu awe na ujasiri wa kuvuka ziwa.

Tukaacha kabisa habari ya mtu mmoja kusimama mbele ya wote. Maongezi yangefanyika wawiliwawili, kila jozi ikiwa na watu wa pande mbili. Hesabu haikugawanyika vizuri, 16 kwa 12, kwa hiyo tukapanga jozi nane na makundi manne ya watatu, yaani wawili wa cha Kwanza na mmoja wa cha Pili. Tuliwapanga wenyewe kwa kuita majina. Ukiwaambia watu "tafuta usiyemfahamu", atakayetafutwa ni yule aliye jirani na mwenye tabasamu, na wapweke watabaki wapweke.

Maswali yalikuwa matatu, kila moja likiingia ndani kidogo kuliko lililotangulia. La kwanza: siku yako ya kazi huanza na nini? La pili: ni kazi gani unaifanya bila kujua inaishia kwa nani? La tatu: ni jambo gani kuhusu muungano huu ungependa upande wa pili walielewe? Ilitangazwa waziwazi kwamba mtu anaweza kuruka swali lolote na asiulizwe kwa nini. Kaimu mkuu aliombwa ashiriki kama wengine, lakini kwenye kila swali awe wa mwisho kujibu. Alikubali bila shida. Nadhani hata yeye alikuwa ameona kilichotokea asubuhi.

Yaliyofuata

Swali la kwanza lilijibiwa kwa upole wa kawaida. La pili ndilo lililobadilisha sauti ya ukumbi. Nilikuwa nimesimama karibu na jozi ya bwana mmoja wa cha Kwanza na dada wa cha Pili. Bwana akaeleza kwamba kila mwisho wa mwezi anaandaa ripoti ya kurasa kadhaa, anaigeuza kuwa picha ya kuchapwa, anaituma, na hajawahi kusikia neno kutoka kwa yeyote. Ameshaamini hakuna anayeisoma. Dada akaweka kalamu chini.

"Ripoti ile yenye majedwali ya kijani?"

"Hiyohiyo."

"Kumbe ni wewe, kaka! Mimi ndiye ninayeichapa upya. Namba zote, moja moja, naziingiza kwenye jedwali langu. Inanila siku nzima."

Bwana akamwambia jedwali analo tangu mwanzo. Aliligeuza kuwa picha kwa sababu mtu fulani, zamani, aliagiza hivyo. Wakabaki wanatazamana, kisha wakacheka kicheko kilichomfanya kila mtu ageuke. Swali la tatu hawakulifikia, na hakuna aliyewasumbua walifikie.

Baadaye tuliunganisha makundi. Yakatoka makundi mawili ya watu wanne na manne ya watu watano. Tofauti ilionekana kwa macho. Kwenye ya wanne maongezi yalikuwa moja. Kwenye ya watano, ndani ya dakika chache, ama yaligawanyika mawili ama mtu mmoja alirudi nyuma ya kiti akawa msikilizaji. Kwenye kundi moja msikilizaji huyo alikuwa yule kijana wa asubuhi.

Mchana, watu wakiwa wamechoka, tulicheza foleni ya kimya: wote wajipange kwa tarehe na mwezi wa kuzaliwa, mwaka usitajwe, na pasiwe na neno lolote, ishara za mikono tu. Kaimu mkuu akajikuta amebanwa kati ya dereva na mwanafunzi wa mazoezi, anahesabu vidole kama wao. Mtu alikuwa amependekeza wajipange kwa miaka ya kazi, na mwezeshaji akakataa palepale. Foleni ya miaka ya kazi ingechora ngazi ya vyeo sakafuni, mbele ya watu waliokuwa wakisubiri kusikia nani atapewa nafasi gani.

Kisha ikaja kazi ya saa mbili. Kila kundi lilipewa karatasi kubwa ya ukutani lichore safari ya ombi moja la huduma, tangu linapoingia kitengo cha Kwanza hadi linapofungwa cha Pili. Hakuna upande uliokuwa na picha nzima. Wa cha Kwanza walijua nusu ya kwanza kwa undani na ya pili kwa tetesi. Wenzao kinyume chake. Hii haikuwa mchezo kwenye ratiba ya mtu yeyote, lakini nikiulizwa ni wapi hasa watu walifahamiana, nitaonyesha kuta zile.

Siku ya pili tulifungua na kadi za "tafuta mtu ambaye". Kila mshiriki alipewa kadi yenye visanduku, kila kisanduku na maelezo yake, mfano "amewahi kubadilisha kazi mara tatu" au "huanza siku kabla jua halijachomoza", azunguke apate saini ya mtu anayelingana na kila kisanduku. Atakayemaliza kwanza aliahidiwa zawadi ndogo. Zawadi iliharibu mchezo mzima. Watu walikimbizana kukusanya saini bila kuulizana chochote. Nilimwona mmoja akisaini visanduku vitano vya kadi moja huku akiongea na mtu mwingine.

Wale wawili waliokuwa wamebanwa waliwasili mchana wa siku hiyo ya pili. Walikaribishwa, wakapewa kadi za majina, wakaketi. Na hapo walipoketi ndipo walipobaki.

Matokeo

Mwisho wa warsha kadi ya mlangoni ilirudiwa, safari hii watu wakiombwa waandike na majina ya hao wa kupigiwa simu. Wengi waliandika wanne au watano. La kufundisha zaidi ni majina yenyewe. Karibu wote waliotajwa walikuwa watu ambao mwandishi wa kadi alikaa nao kwenye jozi au kwenye kundi la karatasi ya ukutani. Waliosikika kwenye mzunguko wa asubuhi, hata waliotoa visa vya kusisimua, hawakutajwa kwa sababu hiyo. Yule aliyevuka ziwa alitajwa mara chache, na ni bosi wao. Waliochelewa hawakutajwa kabisa na mtu yeyote wa cha Kwanza.

Miezi mitatu baadaye mwezeshaji alirudi kwa ufuatiliaji. Ripoti ya majedwali ya kijani ilikuwa inatumwa kama jedwali, na siku nzima ya kuchapa ilikuwa imeondoka. Simu za moja kwa moja kati ya watu wa jozi zilikuwa zinaendelea. Upande mwingine, nafasi za usimamizi zilipotangazwa, tatu kati ya nne zilikwenda kwa watu wa cha Kwanza, na ubaridi ukarudi kwenye baadhi ya meza. Wawili waliokuwa wamekaa vizuri kwenye karatasi ya ukutani walikuwa wamerudi kuandikiana barua pepe zenye nakala kwa bosi.

Uchambuzi

Kushindwa kwa mzunguko wa asubuhi kuna maelezo yanayojulikana. Mwaka 1973 Malcolm Brenner alichapisha utafiti ambao watu walikaa kuzunguka meza wakisoma maneno kwa zamu. Ilionekana kwamba mtu hukumbuka vibaya maneno yaliyosomwa karibu na zamu yake. Ndicho kilichompata mama mhasibu. Mzunguko wa watu 28 unamfanya kila mshiriki awe kiziwi kwa jirani zake, na jirani ndio watu ambao angekuwa na nafasi rahisi zaidi ya kuongea nao baadaye. Kama mzunguko hauepukiki, kwa sababu uongozi unautaka au kwa sababu ni desturi ya mahali, uwe wa jina na kazi tu, na anayefungua asiwe mkubwa. Anayefungua anaweka kipimo bila kukusudia, na kipimo cha bosi ni kizito kwa mtu wa chini.

Kuhusu kweli mbili na uongo mmoja, siungi mkono wanaosema mchezo huo ufutwe moja kwa moja. Tatizo lilikuwa mpangilio. Mchezo unamwalika mtu alete jambo zito lisilotarajiwa, maana ndilo linalowachanganya wanaobahatisha, halafu unawapa wasikilizaji ruhusa ya kulishangilia kama uongo. Mbele ya watu 28 hakuna njia ya kumrudishia mtu heshima yake papo hapo. Ukichezwa na watu watatu au wanne, na sharti kwamba mambo yote yawe ya kazini, hatari hupungua sana. Nilichokiona kinanisumbua zaidi ni kwamba hakuna aliyemfuata kijana yule baadaye. "Pole sana kaka" ilitolewa mbele ya ukumbi, ikaishia hapo. Mwezeshaji anapoona mchezo umemfunua mtu kuliko alivyotaka, mapumziko yanayofuata ni ya kumtafuta mtu huyo kabla ya kutafuta kingine chochote.

Jozi zilifanya kazi kwa sababu mbili zinazotegemeana. Ya kwanza ni udogo. Robin Dunbar na wenzake, katika uchunguzi waliochapisha mwaka 1995, waliona kwamba maongezi ya pamoja kwa kawaida hayavuki watu wanne hivi. Akizidi mtu, maongezi huelekea kugawanyika. Makundi yetu ya watano yalithibitisha hilo mbele ya macho yetu, na kama ningepanga tena ningefanya makundi saba ya wanne hata kama mawili kati yake yangekuwa na mtu mmoja tu wa cha Pili.

Ya pili ni mpangilio wa maswali. Arthur Aron na wenzake walichapisha mwaka 1997 utafiti wa maswali 36 katika seti tatu, kila seti ikizama zaidi ya iliyotangulia. Wawili wasiofahamiana waliyajibu kwa kupokezana kwa dakika 45 hivi, wakatoka wakijihisi karibu zaidi kuliko jozi zilizopewa maongezi ya juujuu. Wengi wanachukua somo la "uliza maswali ya ndani" na kuliacha la kupanda ngazi kwa ngazi, kila mmoja akitoa kidogo baada ya mwenzake kutoa. Swali letu la tatu lingeulizwa kwanza lingepata majibu ya hadhara: "tunaamini muungano ni jambo jema". Baada ya swali la ripoti na majedwali, wengine walithubutu kusema wanaogopa kupoteza nafasi zao.

Halafu kuna kazi ya ukutani. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Muzafer Sherif na wenzake waliwapeleka wavulana 22 kwenye kambi katika hifadhi ya Robbers Cave, Oklahoma, Marekani, wakiwa makundi mawili, wakayashindanisha mpaka uhasama ukakomaa. Kisha wakayakutanisha kwenye mlo na kutazama filamu, kuona kama ukaribu peke yake ungetosha. Haukutosha, wavulana walirushiana chakula. Hali ilibadilika walipopewa shida ambazo kundi moja lisingeziweza: maji ya kambi yalipokatika, na gari la kuleta chakula lilipogoma kuwaka ikabidi wote walivute kwa kamba. Watu wetu hawakuwa maadui na hakuna aliyerusha chakula, lakini mantiki ni ileile. Kukaa ukumbi mmoja na kucheka pamoja hakukuwatoa watu dirishani na mlangoni. Karatasi iliyohitaji vichwa vya pande mbili iliwatoa.

Kicheko ndicho kinachowapotosha wawezeshaji wengi. Mchezo uliochekesha zaidi warsha nzima ulikuwa kweli mbili na uongo mmoja, na mapumziko yaliyofuata yalionyesha kwamba haukumsogeza mtu hata hatua moja. Ukitaka kujua kama mchezo umefanya kazi, angalia nani anasimama na nani dakika tano baada ya kuisha. Kipimo hicho hakina gharama, na hakihitaji mtu kujaza fomu ya tathmini ambayo kila mmoja huijaza vizuri ili aende nyumbani.

Kadi za "tafuta mtu ambaye" zilirekebishika. Toa zawadi, weka sharti la saini moja kwa mtu mmoja, na badala ya saini mtu aandike neno moja alilosikia kwenye maelezo ya mwenzake. Mwezeshaji ameshazitumia hivyo kwingine na anasema mwendo wa ukumbi hupungua nusu, jambo ambalo ndilo linalotakiwa.

Lililoshindikana bila udhuru ni waliochelewa. Kwenye warsha yoyote wapo. Ratiba yetu haikuwa na hata mstari mmoja kuwahusu, na walipofika tulidhani ukarimu wa ukumbi uliochangamka utawabeba. Kumbe ukumbi uliochangamka ni mgumu zaidi kwa mgeni kuliko uliopoa, maana wenzake wana vichekesho na marejeo asiyoyajua. Kila mtu alipotaja "majedwali ya kijani" ukumbi ulicheka na wao wawili wakatazamana. Ingetosha kumpa kila mmoja wao mwenyeji wa cha Kwanza, na dakika 15 nje ya ukumbi wajibu yale maswali matatu kabla ya kuingia.

Na kuhusu ubaridi uliorudi: mchezo haukuwa na uwezo wa kuuzuia, na haukupaswa kutwishwa mzigo huo. Watu walikuwa na swali halali kuhusu ajira zao, na aliyekuwa na jibu alikuwa kaimu mkuu. Mwezeshaji alimshauri mwisho wa siku ya kwanza aseme ukumbini lini na kwa vigezo gani nafasi zitajazwa. Aliahirisha. Kwenye ufuatiliaji, watu wa cha Pili waliliweka hilo mbele ya yote mengine, na taarifa ya mwezeshaji kwa uongozi ilikuwa na pendekezo moja tu kuhusu warsha zijazo: swali la nafasi lijibiwe kwa maandishi kabla ya siku ya kwanza, na michezo ianze baada ya hapo.